Fundi na Dakika 110

Estradioli, homoni ya kike, ina atomi 44: kaboni 18, hidrojeni 24 na oksijeni mbili. Ng'oa hidrojeni moja iliyo kwenye kaboni ya 16, kisha pachika hapo florini yenye mionzi. Kipokezi cha homoni ndani ya seli ya saratani ya matiti kitaikaribisha molekuli hiyo bila kuitilia shaka, mithili ya mtu aliyebadilishiwa kifungo kimoja cha koti akalivaa na kwenda zake. Molekuli hiyo huitwa FES, na mikono inayoitengeneza ndiyo ninayoisifu hapa.

Sifa nyingi huiendea mashine ya PET, ile pete kubwa anamopitishwa mgonjwa ili mionzi hiyo ipigwe picha. Lakini mashine haiijui saratani. Inachonasa ni miale miwili inayozaliwa pamoja, kila mmoja ukishika njia yake, pale positroni iliyotoka kwenye florini inapokutana na elektroni. Miale hiyo itatokea popote molekuli ilipokwenda. Kuifanya iende panapotakiwa ni kazi ya mkemia, na mkemia haonekani kwenye picha.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Chicago, Elwood Jensen aliwapa panya estradioli yenye mionzi akaona mfuko wa uzazi ukiing'ang'ania. Kumbe palikuwa na kitu cha kuishika. Baadaye John Katzenellenbogen wa Chuo Kikuu cha Illinois, pamoja na Michael Welch wa St. Louis, walitafuta mahali pa kupachika florini pasipokikera kipokezi. Picha za kwanza za wagonjwa zilichapishwa mwaka 1988. Marekani iliidhinisha FES mwaka 2020. Welch alikuwa amefariki mwaka 2012.

Florini yenyewe ni kaidi. Huzaliwa katika saiklotroni, protoni zinapopigwa kwenye maji yenye oksijeni nzito, na ikiwa majini hujizungushia maji kiasi kwamba haitaki kushikana na chochote. Sharti ikaushwe vizuri, ichemshwe pamoja na molekuli iliyoandaliwa, kisha tindikali iondoe vipande vilivyowekwa kulinda atomi zake nyingine. Halafu inachujwa, inasafishwa na kupimwa. Yote haya hufanyika nyuma ya kuta za risasi, huku kila dakika 110 nusu ya florini ikiwa imetoweka. Anayechelewa hapotezi muda tu, anapoteza dawa. Na isafishwe kwelikweli: vipokezi ni vichache, na molekuli zisizo na mionzi zilizosalia humo zitakalia viti vyote. Mgonjwa hudungwa mikrogramu chache tu, zisizotosha kuubadilisha mwili hata kidogo.

Faida yake ni nini? Biopsi hukata kinyama mahali pamoja. Saratani iliyoenea inaweza kuwa na vipokezi kwenye nyonga na isiwe navyo kwenye uti wa mgongo, na hakuna daktari atakayetoboa kila mfupa. FES huupitia mwili mzima kwa mara moja. Mwaka 2006 watafiti wa Seattle, akiwemo Hannah Linden, walitoa matokeo ya wagonjwa 47 waliokuwa wakianza tiba ya homoni. Kati ya 15 ambao uvimbe wao uliipokea FES kwa unyonge, hakuna hata mmoja aliyepata nafuu. Kati ya 32 walioipokea vizuri, waliopata nafuu ni 11. Mimi napenda ukweli wa hesabu hiyo. Mng'ao hauahidi kupona, ila giza humwokoa mgonjwa na miezi ya kumeza dawa isiyomfaa.

Kipimo kina mipaka yake pia. Ini, ambalo kazi yake ni kuivunja homoni, hung'aa lote, hivyo uvimbe uliomo ndani yake hujificha. Aliyetoka kutumia tamoksifeni au fulvestranti naye lazima asubiri, maana dawa hizo tayari zimekaa kwenye vipokezi. Na kwa kuwa florini haisubiri, hospitali inahitaji saiklotroni iliyo karibu. Nairobi inayo, lakini katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki swali la kwanza bado ni kama kinyama cha biopsi kitapimwa vipokezi kabisa.

Kwa saratani zenye kipokezi kingine, HER2, fundi hubadilisha saa. Trastuzumabu, inayokishika kipokezi hicho, ni kingamwili kubwa, hutembea polepole, na florini ingekwisha kabla haijafika. Waholanzi wa Groningen waliivisha zirkoni 89, ambayo nusu yake hudumu zaidi ya siku tatu. Mgonjwa hudungwa leo, akaenda nyumbani, akarudi baada ya siku nne hivi kupigwa picha, na mkemia, safari hii, anapata nafasi ya kunywa chai.