Kutu Hailali

Mafia ni kisiwa kisichokihurumia chuma. Kusi ikianza kuvuma huja na chumvi ya bahari, na chumvi hiyo haichagui: inakula bati la paa, inakula bawaba za mlango, inakula msumari uliojificha ndani ya ubao. Kwa hiyo ukiiona Raleigh inapita barabara ya Kilindoni kwenda Utende, imemzidi umri anayeiendesha na bado gurudumu linazunguka bila kuyumba, usidhani ni bahati. Kuna mtu ameitunza, tena kwa miaka mingi.

Nazungumzia zile baiskeli nyeusi za Kiingereza: fremu ya chuma kizito, magurudumu ya inchi 28, breki za fito badala ya waya, tandiko la ngozi, na mbele nembo yenye kichwa cha korongo. Wazee wetu walizinunua kwa fedha ya mbata. Nazi ziliangushwa, zikafuliwa, zikapasuliwa, zikakaushwa, na mwisho wa jasho lote hilo ikaletwa nyumbani baiskeli. Aliyekuwa nayo aliweza kwenda kuposa kijiji cha mbali bila kuona haya. Kitu kilichopatikana hivyo hakiachwi nje kinyeshewe.

Mzee mmoja jirani yetu bado anayo ya kwake. Ijumaa baada ya Alasiri huitoa uani, akaiegemeza kwenye mwembe, akakaa juu ya kigoda na kupanga vifaa vyake: spana mbili, nyundo ndogo, tupa, bisibisi, kopo la grisi na chupa ya mafuta ya nazi. Hana zaidi ya hivyo, wala hahitaji zaidi.

Mtazame anapobadili kotapini. Ni kipande cha chuma kisichozidi kidole cha mwisho, lakini ndicho kinachoushika mkono wa pedali kwenye ekseli. Kikilegea, pedali inacheza, na kila ukikanyaga unasikia mgongo wa baiskeli ukigonga. Fundi mwenye haraka hukipiga nyundo mpaka kinyamaze. Haupiti muda pedali imelegea tena, na safari hii tundu limepanuka. Mzee hapigi. Huchukua masizi ya kibatari, akaupaka ule ubavu bapa wa kotapini, akaiingiza kwa vidole, akaitoa, akatazama masizi yamefutika wapi. Palipofutika ndipo panapogusa. Hupitisha tupa hapo, taratibu, akapaka tena, akaingiza tena, akatazama tena. Hufanya hivyo mpaka masizi yafutike sawasawa ubavu mzima. Hapo ndipo huweka gogo chini ya mkono wa pedali ili libebe pigo, gololi za ndani zisiumie, akagonga kidogo na kukaza nati. Ya upande wa pili huielekeza kinyume, maana zikielekea upande mmoja pedali hazitakaa mstari mmoja.

Nimesimama pale mara nyingi nikimtazama, na kila mara najiambia kwamba huu ndio ustadi: kukiacha chuma chenyewe kikuoneshe kinapotaka kuchongwa, na kuwa na subira ya kukitazama.

Kazi nyingine zote hufuata adabu hiyohiyo. Gololi huoshwa kwa mafuta ya taa ndani ya sufuria kuukuu, zikahesabiwa mbele ya watoto, zikapangwa moja moja juu ya grisi mpya. Ringi huzungushwa karibu na kipande cha chaki. Panapopata alama ndipo spoku hukazwa upande mmoja na kulegezwa upande wa pili. Tandiko hupakwa mafuta kwa kitambaa, na boliti iliyo chini ya pua yake hukazwa nusu mzunguko ngozi ikianza kubonyea. Siku moja mjukuu wake alimwuliza, "Babu, kwa nini usinunue mpya?" Akamjibu bila kuinua macho, "Mpya nayo itataka kutunzwa, baba. Sasa ukijifunza kwa hii, hiyo utaiweza."

Adabu hii haikuja na meli ya Mwingereza. Ilikuwepo. Watu wa Jibondo wanaounda mashua na majahazi wanajua kwamba chombo hakikamiliki siku kinaposhushwa majini. Hupandishwa pwani, kikakwanguliwa, kikakalafatiwa kwa pamba, kikapakwa mafuta ya sifa, kikarudishwa. Baiskeli ilipofika iliwakuta watu ambao tayari walishajua kwamba kuwa na chombo ni kuwa na zamu ya kukihudumia.

Na ilistahili watu hao, kwa sababu iliundwa ifunguke. Raleigh lilikuwa jina la mtaa mmoja wa mji wa Nottingham, ambako kampuni ilianza miaka ya 1880. BSA, kampuni nyingine iliyotuletea baiskeli na pikipiki vilevile, ilianzishwa na mafundi wa bunduki wa Birmingham mwaka 1861. Tawi lake la baiskeli liliuzwa kwa Raleigh mwaka 1957. Mafundi wa kampuni hizo walitengeneza kitu ambacho mkulima wa nazi angeweza kukifungua kwa vifaa vichache na kukirudisha. Mwaka 2002 kiwanda cha Nottingham kiliacha kuunda baiskeli. Walioziunda wameacha, na zile walizotuachia zinaishi kwa mikono ya wazee wachache.

Sasa barabara zetu zimejaa bodaboda, na sina ugomvi nazo. Zinawapeleka wajawazito hospitali, zinawalisha vijana. Lakini tazama zinavyokufa. Cheni imekauka inalia, oili imekuwa nyeusi kama lami, breki inasubiriwa mpaka iishe kabisa. Dereva anakimbizana na hesabu ya tajiri, na siku aliyolala chini kukaza nati ni siku ambayo hesabu haikutimia. Tajiri naye anaiona fedha jioni, pikipiki haioni. Chombo kimekosa mwenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunawaambia watoto, kisha tunawaonesha kwa vitendo kwamba ukuta ukianguka utanunuliwa mwingine.

Wazee hawa wanaondoka mmoja mmoja. Matanga yakiisha, baiskeli husogezwa nyuma ya nyumba, na chuma kilichostahimili kusi miaka yote hiyo hushindwa na mwaka mmoja wa kutoguswa. Kisha hupita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Fremu, usukani, zile breki za fito, vyote hupimwa pamoja kwa kilo. Mizani ile haina mahali pa kupimia masizi ya kibatari, wala zile Ijumaa, wala kijana ambaye angejifunza subira kwa kushikilia spana ya babu yake na hakujifunza. Kisiwa ambacho hata msumari huvushwa kwa boti kutoka Nyamisati kikisahau kutengeneza, kitabaki kununua tu. Na anayeishi kwa kununua tu hupangiwa maisha yake na muuzaji.