Pongezi kwa Waliojenga Upya Harbin

Iwapo kuna kazi ambayo shukrani zake ni haba kuliko uzito wake, basi ni kujenga upya palipokwisha kuwa majivu. Kwa hiyo natoa pongezi, kwa taadhima yote, kwa wahudumu na mafundi wa Harbin Hot Springs, kambi ya mapumziko iliyo karibu na mji mdogo wa Middletown, jimbo la California, Marekani.

Moto uliozuka huko Cobb, jirani na Middletown, tarehe 12 Septemba 2015, kwa sababu ya nyaya mbovu za umeme wa birika la kuogea la maji moto (ajabu ya maji kuzaa moto!), uliunguza ekari 76,000 na ushei, ukawafisha watu 4, na kambini haukusaza ila mabirika ya kuogea na majengo machache mno.

Wengi hudhani ya kwamba ujenzi huanza kwa msingi, ilhali baada ya moto wa nyika fundi hana budi kwanza kuzoa vifusi vyenye sumu, kuangusha miti iliyokufa ingali imesimama, na kuzuia mabonde yasijazwe tope na mvua, kwani mizizi iliyokuwa ikishika udongo imekwisha kuungua.

Hayo yote waliyastahimili, wakafungua Januari 2019, mabirika yakitangulia na majengo mengi yakingali yakingoja zamu yake. Na kwa rai yangu walifanya sawasawa, maana wageni walikuwa wakiyafuata maji tangu hapo kale.