Mizani ya Kiyao

Ushairi wetu wa pwani umezoea kuhesabu. Neno "mtu" lina mizani mbili, wala hakuna mghani atakayebisha. Wayao wa Nakapanya, huko Ruvuma, husema "mundu", na ile "u" ya mwanzo huvutwa kwa kuwa inafuatwa na "nd". Je, tuihesabu mizani mbili au tatu? Swali hili dogo ndilo mtihani wa kila anayetaka kufasiri nyimbo za Kiyao kwa Kiswahili.

Lugha hizi ni ndugu, na undugu huo ndio unaomlaghai mfasiri. Mwezi kwao ni "mwesi", kitu ni "chindu". Sikio la pwani huridhika upesi, likadhani limekwisha kusikia yote. Lakini Kiyao kina toni, jambo ambalo Kiswahili hakinalo, na urefu wa irabu hubadili maana ya neno. Anayeutia wimbo huo katika vina na mizani nane kwa nane hupata shairi la Kiswahili lenye habari za Wayao. Wimbo wenyewe umempita.

Wayao wamekuwa na kalamu tangu zamani. Mwaka 1890 mtawala wao Machemba alimwandikia Mjerumani Hermann von Wissmann barua ya kukataa kumtii, naye aliiandika kwa Kiswahili. Kasisi Yohanna Abdallah alishika njia nyingine. Kitabu chake, "Chiikala cha Wayao", kilichopigwa chapa Zomba mwaka 1919, alikiandika kwa Kiyao, na Meredith Sanderson akakifasiri kwa Kiingereza. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi ile: Myao anawasimulia Wayao asili yao kwa ulimi wao, na mgeni husikiliza kando. Hata jina la kitabu lina irabu mbili bega kwa bega, ishara kwa msomaji kwamba avute sauti. Toni, hata hivyo, maandishi ya kawaida ya Kiyao hayaionyeshi. Hiyo yabaki kinywani mwa msemaji.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Tafsiri ya Kiswahili ya nyimbo hizi na iwe ya nathari, ikae ubavuni mwa Kiyao, na Kiyao kiandikwe kwa irabu zake ndefu na alama za toni. Kisha, kabla ya kupigwa chapa, isomwe kwa sauti mbele ya wazee wa Nakapanya. Wakisema wimbo si wao, tuanze upya.