Kilomita za lami hazitoshi kupima barabara

Ukibishana na mtu kuhusu barabara, mfano wa nje hauchelewi kuletwa: "Mbona Mauritius ni kisiwa tu, na wana barabara kuu kutoka uwanja wa ndege, inapita Port Louis mpaka Grand Baie?" Ni kweli wanayo. Tena kisiwa chenyewe kina kilomita za mraba kama 2,000 tu. Mkoa wa Njombe unakizidi mara kumi. Ila mfano huo hutajwa nusu. Nusu ya pili ni barabara ya Terre Rouge–Verdun, iliyofunguliwa 2013 na kufungwa mwanzoni mwa 2015 baada ya kupasuka na tuta lake kuteleza. Lami ilikuwa bado mpya. Kilichoshindwa kilikuwa chini yake.

Sasa panda nami Kitulo. Njia ya kutoka Chimala kwenda Matamba inaitwa Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Udongo wa uwanda ule asili yake ni volkano, kama wa Mauritius, na mvua ya huku si ya mchezo. Maji yakijaa kati ya chembe za udongo yanazisukuma, zinaacha kushikana, na mteremko uliosimama kiangazi kizima unaweza kushuka usiku mmoja. Ndiyo maana mtaro uliozibwa ni hatari kuliko shimo unaloliona.

Halafu kuna uzito. Majaribio ya Illinois, Marekani, ya 1958 hadi 1960 yalionyesha kuwa madhara kwa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ukiipandisha hadi 12, umeongeza asilimia 20 ya mzigo, lakini madhara yamezidi kidogo mara mbili (1.2 mara yenyewe, mara nne: piga hesabu). Fuso la viazi lililojazwa lumbesa likishuka kuelekea Makambako halibebi viazi tu, linabeba na kipande cha barabara.

Kwa hiyo mimi nawapa heko waliochagua zege kati ya Lusitu na Mawengi, kilomita 50 kule Ludewa. Zege ni gumu, linatawanya mzigo eneo pana, na halivimbi wala kusukumika pale malori yanapopanda taratibu au kukanyaga breki kwenye mteremko. Ni ghali mwanzoni, sawa. Lakini anayelinganisha bei ya kujenga bila kuhesabu matengenezo ya miaka 20 hajalinganisha kitu.

Ninacholaumu ni taarifa zetu. Njombe hadi Makete lami ipo, tunashangilia kilomita, basi. Na Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, yenye aina zaidi ya 40 za okidi? Barabara ikiwa nzuri inapitisha watalii, inapitisha viazi, inapitisha pia magunia ya chikanda, yaani viazi vya okidi hizo hizo, kwenda Zambia. Hilo nalo lilipaswa kuwa kwenye hesabu.

Ukisikia barabara nyingine inazinduliwa, usiulize urefu kwanza. Uliza makalavati ni mangapi, na nani analipwa kuyazibua kabla ya mvua za Novemba.