Pepo, Mwiba na Karo

Nilisoma Delivered from the Powers of Darkness nikiwa darasa la sita, nikalala taa ikiwaka. Kilikuwa kijitabu cha shangazi. Mwandishi, Emmanuel Eni wa Nigeria, anashuhudia alivyotumikia shetani kabla ya kuokoka. Kilitoka 1987.

Nimekirudia juzi. Bado kinanasa, kwa sababu Eni hapigi kelele: anaeleza maabara za chini ya bahari vile konda anataja steji.

Je, pepo anaweza kumgusa aliyeokoka? Kwa Eni jibu liko wazi: mawakala wa shetani wanatumwa hadi makanisani. Kama stori, hiyo inafanya kazi, maana hakuna mahali pa kujificha. Shida inaanza ukifunga kitabu.

Nilipoacha chuo, nilikuwa sina karo na usingizi ulikuwa umenitoroka wiki nzima. Shangazi aliona pepo. Tulikesha akikemea. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula.

Sisemi shangazi alitoa hayo yote hewani. Hata Paulo, katika 2 Wakorintho 12, anataja mwiba mwilini, mjumbe wa Shetani. Aliomba mara tatu uondoke. Haukuondoka. Akaendelea na kazi.

Kitabu cha Eni hakina nafasi ya mwiba unaobaki. Kwake unafungwa ama unafunguliwa, basi. Mimi nangoja ushuhuda wa mtu aliyeombewa, akaamka Jumatatu na mwiba wake, na bado akaitwa Mkristo.