Machozi na Fantasia: Mahakama Mbili katika Riwaya ya Kiswahili

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna kasumba moja. Tukipewa riwaya, kazi ya kwanza ni kuitafutia chumba chake. Hii ni ya uhalisia, inaliza. Ile ni ya kifantasia, inafikirisha. Mwenye moyo asome ya kwanza, mwenye kichwa asome ya pili. Mimi mwenyewe nilijibu hivyo katika mtihani, tena nikapata alama nzuri. Makala haya yananuia kulikana jibu lile.

Tuanze na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Nchi inaelea angani. Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea kwa siku sita, akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, mashariki, kusini, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja akaishia gerezani. Wahakiki wengi wameisoma kama fumbo la utawala wa kikoloni. Sina ugomvi nao. Ila nakiri mbele yenu, wenzangu: sikulia. Mshtaki anaitwa Majivuno, mshtakiwa Karama. Hapo majina yamekwisha kutoa hukumu kabla mfalme hajafungua kinywa. Nilikubaliana na Karama kwa kila neno, lakini hakuna siku niliyomwogopea usiku.

Sasa chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ile iliyopigwa marufuku mashuleni kwa kipindi. Hii tunaiweka chumba cha machozi bila kufikiri mara mbili. Rosa analelewa na baba mkali, Zakaria, ambaye mwenyewe ni mlevi. Barua tu ya mvulana inamletea kipigo. Anapotoka nyumbani kwenda masomoni hajui kujilinda, maana alichofundishwa ni woga peke yake. Mwisho wake ni kujiua. Mpaka hapo ni Ukerewe tunayoweza kuitembelea. Lakini mwandishi hakuishia kaburini. Anatupandisha mbinguni, na huko baba na binti wanasimama mbele ya Mungu, kila mmoja na shauri lake juu ya mwenziwe.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilisema, eti, mwandishi amechoka, kabandika kipande cha hadithi za kale. Nilibadili mawazo nyumbani.

Nyumbani ni Igowole, wilaya ya Mufindi, kwenye mashamba ya chai na ukungu ambao mwezi wa Julai hauna haraka ya kuondoka. Likizo moja nilikuta msiba. Dada yangu, binti wa baba mkubwa, alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam, alikopelekwa akiwa bado mdogo kufanya kazi za ndani. Alirudi mgonjwa, na hakukaa sana. Baada ya mazishi ukoo ulikaa kikao. Tuliulizana nani anamdai marehemu, nguo zake apewe nani, mtoto wake alelewe wapi. Kila swali lilipata jibu. Swali la nani aliyempeleka kule, na alipata nini huko, halikuulizwa. Tuliambiwa ni homa, tukaitikia. Baba mkubwa alikuwa amejifunika blanketi mpaka masikioni, anatazama moto. Mimi msomi wa chuo kikuu nilikuwepo, na nilinyamaza kama wengine.

Usiku ule ndipo nilipoielewa ile mahakama ya Kezilahabi. Hakuchoka. Alikuwa amefika mahali ambapo uhalisia wenyewe hauna kikao cha kusikiliza shauri la namna hii. Duniani, binti hamshtaki baba. Nani atamsikiliza? Basi ikabidi mwandishi abuni mbingu ili binti apate kusema. Fantasia hapa ni machozi yaliyokosa pa kudondokea. Na kwa sababu Zakaria hakuitwa Majivuno, kwa sababu tumemjua na ulevi wake na hofu yake ya kweli kwa mabinti zake, hatujui tumtakie nini anaposimama pale. Hukumu siitaji, ambaye hajasoma akasome.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kosa si la Kusadikika kuelea angani. Mbingu ya Rosa ipo juu zaidi. Tofauti ni kwamba Karama alipanda na hoja, na Rosa alipanda na baba yake.

Siku chache baadaye nilimsomea shangazi sura ile jikoni. Shangazi hajui kusoma, ila kusikiliza anajua kuliko sisi wa semina. Alikuwa anasukuma kuni ndani, hakusema kitu mpaka nilipofunga kitabu. Kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, kwa nini wasubiri mpaka wafe wote ndipo waulizane?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalikuta katika kitabu chochote cha uhakiki. Tumezoea kuuliza riwaya ina dhamira gani, mhusika ni bapa au duara, fani imebeba maudhui ama haikubeba. Shangazi aliuliza riwaya inatudai nini. Nadhani hilo ndilo swali ambalo mbingu ya Kezilahabi iliwekwa pale ili lisikike huku chini.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa baba mkubwa. Nilimwamkia, akanipa kigoda. Tulizungumza habari za chai, bei ya mbao na baridi. Niliondoka bila kuuliza. Mtihani ule ningeurudia leo, ningeandika kwamba riwaya ya ajabu inafikirisha pia, ndiyo, lakini hufikirisha kwa kumwuma mtu mahali fulani. Mimi nimeshajua ni wapi.