Mguu wa Bandia, Gango na Kigutu: Uhakiki wa Istilahi za Utengemao wa Viungo

Makala haya yakusudia kuchunguza maneno machache yatumiwayo katika huduma ya watu waliopoteza viungo au waliodhoofika viungo, na kuyapima kwa haja ya wilaya mbili za Mkoa wa Kagera: Karagwe, na Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Atakayetaka kufungua huko kituo cha kutengenezea miguu na mikono ya bandia atahesabu kwanza fedha, tanuri, plastiki na mafundi. Sisi twasema hana budi kuhesabu na maneno, kwa kuwa kazi hii hutegemea mazungumzo kuliko kazi nyingi za hospitali. Mpasuaji aweza kumtibu mtu aliyelala usingizi wa dawa. Fundi wa mguu hawezi kumvisha mguu mtu asiyeweza kumweleza ni wapi unapombana.

Mafundi wetu wa viungo husomea Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981 pale KCMC, nacho hupokea wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika na hufundisha kwa Kiingereza. Basi fundi hutoka huko na msamiati mmoja, naye mzee wa Kaisho au Murongo huja na mwingine, aghalabu Kinyambo kwanza na Kiswahili baadaye. Kiswahili ndicho daraja baina yao, na daraja hilo lina mbao zilizokosekana.

Tuanze na jina la kituo chenyewe. Wapo walioandika "ukarabati", neno ambalo kwa msikilizaji wa kawaida ni la nyumba, barabara na mitambo. Wapo walioandika "marekebisho", nalo lanuka gereza na shule ya watoto watukutu. Siku hizi Wizara ya Afya hutumia "utengemao", kutokana na kitenzi "tengemaa". Yaweza kusemwa kwamba kitenzi hicho chataja hali wala si tendo, na kwamba kituo chapaswa kuitwa kwa tendo lake. Hoja hiyo ni ya kisarufi tu. Mwenye kutengemaa ni mwananchi mwenyewe, na kituo humsaidia, neno libaki.

Juu ya "bandia" kelele ni nyingi kuliko haja. Hudaiwa kwamba neno hili limechafuliwa na noti bandia, dawa bandia na vyeti bandia, kwa hiyo haifai kumpa mtu kiungo chenye jina la ulaghai. Lakini watoto wa Waswahili walicheza na mtoto wa bandia zamani sana, wala hapakuwa na aliyelaghaiwa. Bandia ni kitu kilichofanywa kwa mfano wa kingine. Tungeomba jambo dogo tu: iandikwe "mguu wa bandia", si "mguu bandia", ili usipangwe safu moja na noti.

Hitilafu iliyo kubwa imo mahali pengine. Wataalamu hutofautisha vitu viwili. Kuna prosthesi, yaani kitu kinachowekwa mahali pa kiungo kisichokuwepo. Na kuna othosi, yaani kitu kinachofungwa juu ya kiungo kilichopo ili kukinyoosha, kukishikiza au kukilinda. Katika Kiswahili cha ofisini vyote viwili hutupwa ndani ya "viungo bandia", au humezwa na "vifaa saidizi", kapu lililojaa pia magongo, viti vya magurudumu, miwani na fimbo nyeupe. Cha kwanza kina jina. Cha pili hakina.

Msomaji asidhani huu ni ubishi wa makamusi. Tuseme mama wa Nkwenda amejifungua mtoto mwenye miguu kifundo. Tiba yake yajulikana duniani kote kwa jina la daktari Ponseti: mtoto hufungwa plasta ngumu, ambayo watu wengi huiita hogo, na kubadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, mara nyingi ukano wa kisigino hukatwa kidogo, kisha huvishwa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, kwanza mchana na usiku, halafu usiku tu, hadi atimize miaka minne hivi. Viatu hivyo ni othosi. Visipovaliwa, miguu hurudi kupinda, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya tiba hii kuharibika. Sasa mama huyo akiambiwa kwamba mwanawe "atapewa viungo bandia", ataelewa nini? Ataelewa kwamba miguu ya mtoto itakatwa. Akimbeba akarudi naye nyumbani, kosa si lake.

Wananchi wamejaribu kujaza pengo hili kwa neno "vyuma", kwa sababu waliopooza kwa polio walivishwa vyuma. Lakini mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini alipatikana mwaka 1996, na siku hizi vifaa vingi vya aina hii ni vya plastiki. Sisi twapendekeza "gango", wingi "magango". Gango ni kitu cha kushikizia na kuungia, nalo ni ndugu wa kitenzi "ganga" kilichotupatia mganga. Gango la mguu, gango la mgongo, gango la shingo: yote yatamkika na yote yaeleweka. "Banzi" libakie kwa kile kipande cha mti kifungwacho kwa muda mfupi juu ya mfupa uliovunjika.

Sasa tuje kwenye "mguu". Kiswahili huita mguu tangu nyonga hadi vidole, kama kinavyouita mkono tangu bega hadi kucha. Sokoni hakuna shida. Katika karakana ipo. Mtu aliyekatwa chini ya goti bado ana goti lake, na mguu wake wa bandia ni mwepesi kuutengeneza na kuuzoea. Aliyekatwa juu ya goti huhitaji goti la kutengenezwa, gharama zaidi na mazoezi marefu zaidi. Bajeti inayoandika "miguu ya bandia" bila kueleza zaidi haijasema kitu. Kwa hayo mawili Kiswahili kina akiba ya kutosha: tuseme "mguu wa muundi" na "mguu wa paja".

Kasoro yabaki chini ya kifundo. "Wayo" na "unyayo" ni upande wa kukanyagia tu, wala si kiungo kizima pamoja na kisigino, mgongo wake na vidole. Kinyambo hakina taabu hii. Kama Kihaya na lugha nyingine jirani, hutenga "okuguru", ambao ni mguu mzima, na "ekigere", ambacho ni kile cha chini. Utaratibu wa kukuza istilahi zetu ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kwenda ng'ambo. Kagera imekwisha kutukopesha siku za nyuma: neno "ngeli", ambalo kila mwanafunzi wa sarufi hulitamka, limetoka katika Kihaya. Twapendekeza basi "kigere", wingi "vigere". Fundi ataweza kusema "kigere kimechakaa, muundi ungali mzima", sentensi ambayo leo hawezi kuisema bila kuzunguka.

Lipo neno jingine ambalo linafukuzwa bure, nalo ni "kigutu". Wataalamu wa Kiingereza wameacha neno lao la zamani, lenye maana ya kisiki, na baadhi ya wafasiri wetu wamewafuata kwa kuandika "sehemu ya kiungo iliyobakia". Hoja yao ni kwamba kiambishi ki- humdunisha mtu, kama "kilema" lililoachwa kwa "mlemavu", nalo likaachwa kwa "mtu mwenye ulemavu" katika sheria ya mwaka 2010. Mfano huo haulingani. Kilema lilimtia mtu katika ngeli ya vitu. Kigutu ni sehemu ya mwili, kama kidole, kiwiko na kifundo. Mtu asiitwe kigutu, na hilo tunalikubali kabisa. Lakini kigutu chenyewe kitaoshwa, kitapimwa, kitafungwa bendeji na kuchunguzwa kila jioni kama hakina kidonda, na kitu cha kushughulikiwa kila siku chahitaji jina fupi.

Kile kikombe ambamo kigutu huingia mafundi hukiita soketi, neno ambalo mwananchi amekwisha kulikabidhi kwa umeme. "Ala" ingefaa zaidi, kwa kuwa ala nayo hufanywa kwa kipimo cha kile kinachoingia. Na ile plasta inayochukua umbo la kigutu kabla ya ala kutengenezwa, jina lake lipo siku nyingi: ni kalibu.

Upande wa mvaaji Kiswahili ni tajiri kuliko vitabu. Mguu hubana, huchubua, huwasha, hupwaya. "Kupwaya" peke yake ni utambuzi wa ugonjwa: kigutu hupungua katika miezi ya kwanza, na mguu uliokaa sawasawa hapo awali hulegea. Fundi aandike maneno hayo katika kadi kama yalivyosemwa.

Lipo moja lenye hatari. Wengi waliokatwa kiungo huendelea kusikia maumivu pale ambapo hapana kitu. Mishipa ya fahamu na ubongo bado vinakitambua kiungo kilichoondolewa. Lugha za Ulaya huyaita kwa jina la kivuli au pepo, na mfasiri mvivu ataandika "maumivu ya mzuka". Akimwambia hivyo mkulima wa Kyerwa aliyegongwa na bodaboda, atakuwa amempeleka kwa mganga wa mashetani kwa mkono wake mwenyewe. Iandikwe "maumivu ya kiungo kilichoondoka", ingawa ni refu, na orodha yote hii isomwe kwanza mbele ya wagonjwa na wauguzi wa Nyakahanga na Isingiro kabla haijapigwa chapa.